Anga la Kusini kwa Darubini Ndogo (3): Rijili Kantori

Msomaji aliyekwisha kuutambua Msalaba wa Kusini, tulioueleza juma lililopita, sasa atazame kushoto kwake. Ataona nyota mbili angavu sana. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Rijili Kantori, au Alpha Centauri. Mwezi Juni, saa tatu usiku, mkazi wa Dar es Salaam huiona upande wa kusini, nyuzi 36 hivi juu ya upeo.

Kwa macho matupu ni nyota moja. Itazame kwa darubini yenye lenzi ya milimita 60, ukikuza mara 80 au 100, utaona mbili: moja angavu, nyingine hafifu kidogo, zimekaribiana mno. Siri iko katika kipimo. Nyuzi moja ya anga ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Jicho hutenganisha nuru mbili zikiachana walau kwa sekunde 60 hivi. Lenzi hiyo ndogo huweza hata sekunde 2. Jean Richaud, padri Mjesuiti kutoka Ufaransa, aligundua kwamba nyota hii ni mbili mwaka 1689 akiwa Pondicherry, India, alipokuwa akifuatilia nyotamkia.

Nyota hizo huzungukana kwa takriban miaka 80. Mwaka 2016 pengo tunaloliona lilikuwa sekunde 4. Ifikapo 2029 litafika kama 10. Lakini njia yao tunaiona karibu kwa ubavu, kwa hiyo pengo la machoni silo umbali wenyewe: zitakaribiana kwa kweli mwaka 2035.

Ya tatu, Proxima, iligunduliwa na Robert Innes huko Johannesburg mwaka 1915. Iko miaka ya nuru 4.24 kutoka kwetu, na hakuna nyota iliyo karibu zaidi na Jua. Ni hafifu mno, nayo imejitenga na wenzake kwa zaidi ya nyuzi mbili. Darubini ya milimita 60 haitoshi kuionyesha.

Itoe darubini nje nusu saa mapema ipoe, la sivyo taswira itachezacheza. Kisha chora nyota zote mbili zilivyokaa, uandike tarehe, na kila Juni urudie. Mwanafunzi wa sekondari anayeanza leo anaweza kuushuhudia mzunguko karibu wote katika umri wake, kwa chombo kidogo na daftari. Kazi hiyo inastahili kuanzwa mapema.

Juma lijalo: Akruksi, nyota ya chini ya Msalaba.