Nan ni nani?

Nilikwenda Tanga kwa habari ya mkonge. Habari hiyo niliiandika, ikatoka, ikaisha. Iliyobaki kichwani mwangu hadi leo ni kishindo nilichokisikia ukutani alfajiri ya siku ya pili, katika nyumba niliyofikia pale Ngamiani. Du-du, du-du, kimya kidogo, du-du. Nilidhani jirani anatwanga kisamvu. Nikamwuliza mwenyeji wangu wakati wa chai.

“Huyo ni Bibi,” akasema. “Yuko ubaoni.”

Jioni nikabisha hodi. Bibi, kama anavyoitwa na mtaa mzima, ana miaka 67, ni muuguzi mstaafu, na aliniomba jina lake lisitoke gazetini. Nikampa shikamoo. “Marahaba mwanangu, karibu ndani,” akaitikia. “Vua viatu. Ila ule usiukanyage, utanisumbulia hesabu zangu.”

“Ule” ulikuwa ubao mweupe wa plastiki, upana wake kama sinia la pilau la kukaa watu wawili, umelazwa kwenye mkeka mbele ya TV ya chogo. Sebule ni ya Kitanga kabisa: vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kabati la vikombe, saa ya ukutani iliyotangulia dakika kumi. TV mpya bapa iko chumbani, lakini haina yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu, kwa hiyo chogo limebaki sebuleni kwa kazi moja tu. Chini yake ipo mashine ndogo, Nintendo Wii, iliyoletwa na binti yake anayeishi Leicester, Uingereza. Aliikuta kwenye duka la mitumba la hisani huko huko, pamoja na ubao wake na diski ya Wii Fit. Plagi yake ya pini tatu iliingia ukutani Tanga bila adapta wala transfoma.

Wasomaji wengi wanaijua mashine hii, au wanawajua ndugu zake. Wajapani wa Konami waliwachezesha watu juu ya mikeka yenye mishale tangu 1998. Wii ikatoka mwishoni mwa 2006, Wii Fit ikafuata Japani Desemba 2007, kisha zikaja Just Dance mwaka 2009, Kinect mwaka 2010, na Ring Fit Adventure mwaka 2019, ambayo ilipotelea madukani wakati wa korona kwa jinsi watu waliofungiwa ndani walivyoigombania. Hizo tuziache. Mimi nilikwama kwenye ubao.

Ubao wenyewe ni mizani. Ndani ya kila mguu kati ya miguu yake minne kipo kihisio kinachopima uzito unaoiangukia pembe ile. Mashine inazilinganisha pembe nne, inajua umeegemea wapi, na kwenye TV inaonyesha nukta moja nyekundu. Ukiinama mbele, nukta inapanda. Ukivuta pumzi, inatetemeka. Shigeru Miyamoto, aliyebuni Mario, alikuwa na mazoea ya kujipima uzito nyumbani kila siku na kuuchora kwenye karatasi, akaona jambo hilo linaweza kuwa mchezo wa familia nzima. Wazo la mizani yenye zaidi ya kipimo kimoja lilichangiwa na habari za wanamiereka wa sumo, ambao uzito wao huishinda mizani moja, wakapimwa kwa kusimama juu ya mbili, kila mguu na wake. Kitabu cha rekodi za Guinness kiliuandika ubao huu kuwa mizani ya binadamu iliyouzwa zaidi duniani: milioni 32.1 katika miaka mitatu, kuanzia Novemba 2007.

“Miaka miwili iliyopita nilianguka msalani,” Bibi akaniambia. “Nyonga. Hospitali wakanitibu, mtaalamu wa viungo akanifundisha kusimama upya, mimi niliyewasimamisha wagonjwa miaka thelathini na tano! Nikapona. Lakini mwili, mwanangu, una ujanja wake. Mguu wa kulia nilikuwa naunyima kazi na sijui kama naunyima. Ukiniuliza, nasema nimesimama wima. Hebu tazama.”

Akajifunga kanga vizuri, akasogeza kiti cha mbao karibu kwa ajili ya kushika (“bila kiti humwoni mzee ubaoni humu ndani, hiyo ni sheria”), akapanda. Nukta ikatokea. Ilikaa kushoto kidogo, ikasita, ikaanza kurudi katikati polepole kama mtu anayerudi nyumbani usiku bila kuwasha taa. Uso wa Bibi ulikuwa umetulia, macho hayapepesi. Kwenye TV zikatokea asilimia: kushoto 52, kulia 48.

“Siku ya kwanza ilikuwa 61 kwa 39,” akasema. “Nililia. Si kwa uchungu. Nililia kwa kuwa hatimaye kuna kitu kimeniambia ukweli bila kunihurumia.”

Nilijiuliza kama ukweli huo wa plastiki una thamani. Upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, uliochapishwa 2010, ambapo ubao huu ulilinganishwa na vipimo vya maabara ambavyo kimoja hugharimu maelfu ya dola. Watafiti walikuta kwamba kwa kupima usawa wa mtu aliyesimama, ubao wa sebuleni haukuachwa mbali. Kwa upande wa jasho mambo ni tofauti. Watafiti wa Liverpool waliwapima vijana 11 wakicheza Wii Sports, majibu yao yakatoka Desemba 2007: vijana walitumia nguvu nyingi kuliko waliocheza gemu wameketi, lakini kidogo kuliko mchezo wenyewe wa kweli. Bibi habishi. “Kilo sijashuka hata moja,” akasema. “Na sikupanda kwa ajili hiyo. Napanda nisianguke tena.” Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linawashauri watu wa umri wake wafanye mazoezi ya usawa na nguvu walau siku tatu kwa wiki. Yeye hufanya sita, anapumzika Ijumaa.

Kwa nini asitembee barabarani? Nilimwuliza, nikajuta. Akahesabu kwa vidole: bodaboda, mifereji isiyo na vifuniko, jua, na macho. “Vijana wa Dar wana klabu zao za jogging, wanakimbia Jumamosi na fulana moja wote, nawapenda. Mimi nikikimbia hapa Ngamiani, kabla sijafika kona ya pili watu watauliza nani kafariki.”

Ndani hana wa kumwuliza. Kwa zoezi la kukimbia, ubao hauhitajiki. Unashika rimoti na kukimbia pale pale uliposimama, nayo inahesabu mtikiso. Mafundisho ya mchezo yanasema itie mfukoni. Dera halina mfuko. Bibi anaifutika kibindoni, palepale mama yake alipokuwa akiweka hela ya sokoni, na mashine inahesabu hatua zake sawasawa.

Sasa nifike kwenye lile lililonikosesha usingizi.

Katika Wii kila mtumiaji ana kikaragosi chake, kichwa cha duara, nywele na macho ya kuchagua, na jina. Unapokimbia, vikaragosi vya wengine walioandikishwa katika mashine hiyo wanakupita njiani. Unapozungusha duara kiunoni, mchezo ambao majirani wa Bibi huja kuutazama na kuushangilia kwa kuwa kiuno hicho kilicheza chakacha enzi zake, vikaragosi wawili husimama pembeni na kukurushia maduara zaidi, nawe unainama kuyadaka. Yule binti wa Leicester aliinunua mashine ikiwa na watu wake. Hakuna aliyewafuta. Walikuwemo watano: baba, mama, watoto wawili, na kikaragosi mmoja mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kishungi, miwani, na jina la herufi tatu: NAN.

“Mimi nilisoma Nani,” Bibi akasema. “Nikawa najiuliza, nani huyu? Mjukuu akanicheka, akasema, Bibi, huko kwao wengine ndivyo wanavyomwita nyanya yao. Kumbe ni mwenzangu!”

Kila asubuhi basi huyo mwenzake humpita mbio kwenye kisiwa cha kuchora. Kila jioni ya kiuno humrushia maduara. Na si hayo tu. Ubao, ambao kwenye TV umechorwa ukiwa na uhai wake, una tabia ya kuulizia watu. Ukishajipima, kuna siku unakuuliza kuhusu mwingine wa nyumbani: fulani anaonekanaje siku hizi? Unapewa majibu ya kuchagua. Waliotengeneza mchezo walifikiria familia moja, sebule moja, watu wanaoonana kwenye chai. Hawakufikiria mtumba.

“Siku ya kwanza umeniuliza, Nan anaonekanaje siku hizi, nikashuka ubaoni,” Bibi akasema. “Nikakaa pale kwenye kochi. Nitasema nini? Simjui. Sijui kama yu hai. Nikamwambia mjukuu afungue kurasa zake, hakuwa ameweka namba ya siri. Mwanangu, yule mama alikuwa anafanya! Kalenda imejaa mihuri, siku baada ya siku, mwezi huu, mwezi ule. Mstari wake wa uzito unakwenda, unakwenda, halafu basi. Umekatika. Wale wengine waliacha mapema zaidi, watoto ndio usiseme. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho humo ndani.”

Nilimwuliza anadhani kilitokea nini.

“Mimi ni muuguzi. Nimeona chati nyingi zinazokatika. Nyingine mgonjwa karuhusiwa kwenda nyumbani. Nyingine si hivyo. Ukiitazama chati peke yake huwezi kujua ni ipi.” Akanyamaza. “Labda walimnunulia mpya. Labda alichoka tu. Watu huchoka.”

Na siku hizi ubao ukimwulizia Nan, anajibu nini?

“Nachagua kwamba hajabadilika. Mtu akiulizwa hali ya mwenzake, si unasema hajambo?”

Nilitaka kuandika kwamba mashine hii ni rafiki wa wazee, lakini ina ukatili wake. Inapima uwiano wa uzito na urefu, na ukizidi kipimo, kikaragosi chako kinavimba tumbo mbele ya macho yako. Mwaka 2008 huko Uingereza Nintendo iliomba radhi baada ya mtoto wa miaka 10 kuambiwa na mchezo huu kwamba ni mnene. Bibi naye aliambiwa. Katika pwani ambayo “umenenepa” bado ni salamu ya heri, alivunjika moyo siku mbili, kisha akafunika kona ile ya TV kwa kitambaa cha kufuma kila anapojipima. Nilikiona. Kina maua ya rangi ya machungwa.

Na vifaa vinakufa. Ile fimbo nyembamba inayowekwa juu ya TV ilikatwa waya na panya. Kazi yake ni kutoa mwanga usioonekana ili rimoti ijue imeelekea wapi. Mjukuu, kijana wa sekondari, aliweka mishumaa miwili iliyowaka mahali pake, umbali wa mkono mmoja kati yao, na rimoti ikafanya kazi kama kawaida, kwa kuwa moto nao una mwanga huo. Siku umeme ukikatika mishumaa inabaki ikiwaka mbele ya TV iliyozima, na Bibi anamalizia zoezi lake kwa kuhesabu kwa mdomo. Lakini ubao ukifa, wa kuurithi uko wapi? Utengenezaji wa mashine hizi ulikoma zamani. Nimewauliza mafundi wawili wa Kariakoo. Mmoja hajawahi kuuona. Mwingine alidhani namtania.

Shida ya sasa lakini ni nyingine, na niliikuta ikiwa moto. Wii Fit ina nafasi za watu wanane, basi. Waingereza watano, Bibi, na wajukuu wawili: wametimia. Jirani wa ng’ambo ya barabara, mama wa miaka 59 anayeuza vitumbua na anayelalamikia magoti, ameomba naye aandikwe. Mmoja lazima afutwe. Mjukuu ameshapendekeza.

“Anasema tuanze na wale waliocheza kidogo, watoto wale,” Bibi akaniambia. “Mtoto wa mtu unamfutaje? Huenda sasa ni mtu mzima, ana nyumba yake. Na baba mtu? Basi tufute wajukuu, wao hawana shida ya nyonga. Wakanuna. Nan ndiye haguswi.”

Nikamwambia ni vikaragosi tu.

“Ninajua, mwanangu. Wewe mfute.”

Akanipa rimoti. Niliishika. Ilikuwa na joto la kibindo chake. Kwenye TV walikuwa wamejipanga wote wanane uwanjani, kila mmoja amesimama juu ya ubao wake, yule wa nywele nyeupe pembeni kulia. Nikairudisha.

Asubuhi ya kuondoka, kabla ya basi la saa moja, nilisikia tena ukutani. Safari hii vishindo vilikuwa viwili, kimoja chepesi na kimoja kizito kisichojua mpangilio. Nikapita kuaga. Mama wa vitumbua alikuwa ubaoni ameshikilia kiti kwa mikono miwili, unga ungali kwenye viwiko, akitumia nafasi ya Bibi mwenyewe. Hesabu za Bibi zote zimeharibika, nukta inakimbia huku na huku.

“Rudisha mguu,” Bibi alikuwa akisema, amekaa kwenye kochi. “Wa kulia. Huo mwingine. Ndiyo huo.”