Kifua kikikubana ukianza kazi kisha kikaachia, hujapona

Wiki iliyopita kwenye kipindi cha asubuhi alipiga simu mzee mmoja wa upande wa Ulowa, mkulima wa tumbaku. Alisema kila akianza kubeba kuni za bani asubuhi, kifua kinambana. Anasimama dakika chache, kinaachia. Ajabu ni kwamba mzigo wa pili na wa tatu haumsumbui. "Mwili umeshazoea," akasema, hospitali haoni sababu ya kwenda. Muda ulikuwa umeisha, nikamuahidi kwamba jibu nitaliandika hapa baada ya kusoma na kuuliza.

Kwanza, mzee hakusema uongo. Katika karne ya 18 daktari Mwingereza William Heberden aliyaeleza maumivu haya ya kifua, na akamtaja mgonjwa wake aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Lakini kwa nini iwe hivyo, haikujulikana kwa muda mrefu.

Moyo ni msuli, na msuli unalishwa na damu. Ndani ya moyo damu ni tele, lakini msuli wenyewe unalishwa na mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje. Mishipa hiyo ikiziba kidogo kwa mafuta, ukikaa damu inatosha. Ukiinua mzigo haitoshi, na hapo kifua kinabana.

Sasa, msuli uliokosa damu kidogo haukai kimya. Chembe zake hutoa kemikali iitwayo adenosini, ambayo ni kama kengele ya hatari, na zinabadilisha namna ya kutumia nguvu. Ni kama kaya iliyowahi kuonja njaa: ghala likipungua tena, mama anapima unga kwa kikombe. Upungufu wa pili unaukuta moyo umejiandaa. Pia vimishipa vya pembeni hufunguka na kusaidia.

Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliuthibitisha uwezo huo kwa mbwa. Walibana mshipa wa moyo dakika 5, wakaachia dakika 5, mara nne. Kisha wakaubana dakika 40 mfululizo. Sehemu ya msuli iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa waliobanwa dakika 40 bila maandalizi.

Habari nzuri, sivyo? Ngoja. Kwenye utafiti huohuo, mbwa wengine walibanwa saa 3. Hapo kujiandaa hakukusaidia chochote. Msuli ulikufa sawasawa na wa wale wengine.

Mimi hapo ndipo niliposimama kusoma, nikafikiria barabara zetu. Mshipa ukiziba kabisa, msuli huanza kufa baada ya dakika 20 hivi. Kujiandaa kwa moyo kunakuongezea muda tu, mshipa unabaki umeziba. Na huo muda, kwa mtu wa Ulowa anayesubiri bodaboda kwenda Nyamilangano, kisha gari la kwenda Kahama, masika, unaisha njiani. Kinga yenyewe hudumu kama saa moja au mbili baada ya maumivu, kisha hupotea. Kesho mzigo wa kwanza unauma tena, kama mzee mwenyewe alivyosema.

Kuna watu wamesikia kwamba kufunga mkono kwa mpira kunafundisha moyo. Ni kweli madaktari walijaribu, kwa mkanda kama wa kupimia presha, kuubana na kuuachia. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia waliokuwa na shambulio la moyo. Haukupunguza vifo. Kwa hiyo usijifunge kamba machimboni wala nyumbani.

Mzee wangu, shikamoo. Kama mwanao anakusomea hii kwenye simu, naomba uende ukapimwe presha, sukari na umeme wa moyo, kabla ya msimu wa kukausha kwisha. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi: maumivu huanza kwenye mzigo wa ngapi, huchukua dakika ngapi, huenda mkono gani au taya. Usiseme "chembe ya moyo" halafu ukanyamaza, maana utapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Kuna dawa za kupunguza maumivu na kuzuia damu kuganda, na kwa wanaohitaji kuzibuliwa mshipa, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inafanya kazi hiyo.

Na siku maumivu yakija umekaa tu, au yakapita dakika 15 bila kuachia, au yakaja na jasho la baridi na kukosa pumzi, usisubiri mzigo wa pili. Amsha jirani mwenye pikipiki, hata kama ni usiku.