Je, Wajua? Bili ya Kumwachia Mtu Mbwa, Paka na Kasuku

Ukiulizia bei ya kutunziwa mbwa ukiwa safarini, utatajiwa namba moja tu: shilingi kadhaa kwa siku. Hiyo ndiyo unayoenda nayo nyumbani kumwambia mwenzako, na ndiyo inayowagombanisha baadaye. Bili huumuka kwingine: katika namna ya kuhesabu siku, nauli, sikukuu, na mambo ambayo hakuna aliyeyataja siku ya kukabidhiana funguo.

Je, wajua kwamba siku na usiku havitoi jibu moja? Ukiondoka tarehe 22 Desemba asubuhi ukarudi 3 Januari jioni, umekosekana nyumbani usiku 12, lakini siku 13. Kituo kinachotoza kwa usiku kitaandika 12, kinachotoza kwa siku kitaandika 13. Vingine vina saa ya kuondoka kama gesti: mbwa asipochukuliwa kabla ya saa hiyo, siku nyingine imeingia kwenye hesabu. Swali hili liulizwe kabla ya swali la bei.

Na anayekuja nyumbani kwako je? Huyo hahesabiwi kwa siku wala usiku, anahesabiwa kwa mara anazokuja. Tuchukue familia ya Tabata, Dar, inayokwenda Moshi kwa tarehe hizohizo, mbwa kabaki, mtunzaji anakuja asubuhi na jioni. Siku ya kuondoka atakuja jioni tu. Siku 11 za katikati atakuja mara mbili mbili. Siku ya kurudi atakuja asubuhi tu. Jumla ni mara 24. Bei tutakazotumia hapa ni za mfano, weka za mtaani kwenu: kila mara akija Sh5,000, basi ni Sh120,000. Wengi huishia hapo na kufunga daftari.

Sasa ongeza bodaboda. Kwenda na kurudi Sh2,000, mara 24, ni Sh48,000. Tayari uko kwenye 168,000. Mtunzaji akisema tarehe 25, 26 na 1 Januari bei inapanda kwa nusu (na ana haki, naye ana wazazi wanaomsubiri mezani), hizo ni mara sita kwa Sh2,500 ya ziada, yaani Sh15,000. Umefika 183,000. Halafu mabasi ya kutoka Moshi yamejaa, mmekwama siku mbili zaidi: mara nne nyingine, na nauli yake, Sh28,000. Bili ni Sh211,000, nayo ilianza kama 120,000. Hakuna aliyekuibia. Na chakula bado hatujakigusa.

Ulijua kwamba anayetumiwa hela kwa simu hutegemea pia "ya kutolea"? Ukimtumia 211,000 kavu, makato ya kutoa pesa yanamega ujira wake. Iandike kwenye bajeti tangu mwanzo, isiwe mjadala wa saa tatu usiku wakati wewe uko Himo.

Turudi kwenye chakula. Mbwa wengi wa kwetu hawali chakula cha mfuko. Wanapikiwa ugali wa dona na dagaa, pengine mifupa ya buchani. Mwenye mbwa akipanga bajeti huandika unga na dagaa, akasahau kwamba ugali haujipiki. Mkaa au gesi ya siku 13 ni ya nani? Mtunzaji akiona anaingia mfukoni mwake, atabadilisha chakula kwa kilicho rahisi, na kumbadilishia mbwa chakula ghafla ni njia ya uhakika ya kumfanya aharishe. Madaktari wa mifugo hushauri mabadiliko yafanywe polepole, kwa muda wa wiki hivi. Kwa hiyo acha chakula chenyewe, kilekile anachokijua, cha kutosha siku zote za safari na nne za akiba. Kuacha hela ya chakula peke yake ni kujitafutia bili ya daktari.

Maji: mbwa huhitaji takribani mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 20 anamaliza kama lita moja, na kwa joto la Dar mwezi wa Desemba anapita hapo. Mtaa ukiwa na mgao, ndoo ya mbwa iingie kwenye hesabu ya maji ya kununua.

Je, wajua kwamba bajeti ya Desemba huanza Novemba? Kituo makini hakimpokei mbwa bila cheti cha chanjo, na chanjo haifanyi kazi siku inapochomwa. Ya kichaa cha mbwa, ikiwa ni ya kwanza, huhesabiwa kuwa imeshika baada ya wiki tatu hadi nne. Anayekimbilia kwa daktari tarehe 20 Desemba analipia karatasi tu. Kuna na parvo, ugonjwa ambao kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Banda lenye mbwa 15 kutoka mitaa 15 likiwa halina masharti ya chanjo, urahisi wake ni wa siku ya kulipa tu. Mimi kituo kisichoniuliza cheti nageuza gari palepale getini.

Kichaa chenyewe ndicho kipengele ambacho watu hawakitaji kwa sababu kinatisha. Mtunzaji akiumwa na mbwa wako, jeraha linaoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali, kisha dozi za chanjo zinazoendelea kwa wiki kadhaa. Mbwa naye anawekwa chini ya uangalizi siku 10. Nani analipa dozi, nauli za kurudi hospitali na siku za kazi alizokosa? Kama mbwa ni wako na mkono ulioumwa ni wa jirani aliyekuwa anakusaidia, jibu unalijua. Tenga fungu la dharura, na nakala ya cheti cha chanjo iachwe nyumbani, isisafiri nawe kwenye begi.

Paka ni hesabu nyingine, na kwa kawaida nafuu. Paka hufungamana na mahali pake, na wengi hupata taabu zaidi wakihamishwa kuliko wakiachwa kwao mtu akawa anapita kuwaona. Lakini nafuu hiyo isikudanganye ukajaza bakuli la siku tano ukafunga mlango. Paka akiacha kula kwa siku mbili tatu, hasa aliyenenepa, ini lake linaweza kuanza kujaa mafuta, na ugonjwa huo huua. Dume aliyezibwa mkojo ni dharura ya siku moja au mbili. Mtunzaji anayekuja kila siku na kuchungulia boksi la mchanga ndiye atakayeona mapema. Anayekuja kila baada ya siku tatu amekupunguzia bili ya utunzaji akakuongezea ya daktari.

Uswidi wameliandika hilo kwenye kanuni na miongozo yao: mbwa na paka waangaliwe angalau mara mbili kwa siku, na mbwa atolewe nje mchana walau kila baada ya saa sita. Ndiyo maana huko vituo vya kulelea mbwa mchana ni vya kawaida; mwenye mbwa anayefanya kazi saa nane kwa siku hana ujanja. Ujerumani nayo, tangu 2022, mbwa lazima atoke nje si chini ya mara mbili kwa siku, jumla saa nzima. Ukikodi mtu Berlin, saa hiyo iko ndani ya bei.

Na Uswisi? Tangu 2008 simbilisi hawaruhusiwi kufugwa mmoja mmoja, kwa kuwa ni wanyama wa kundi. Wakiwa wawili mmoja akafa, unabaki na tatizo la kisheria. Ndipo ikazuka biashara ya kukodisha simbilisi wa kumpa mwenzake kampani mpaka naye amalize siku zake.

Je, wajua kwamba Pwani jirani atakayemtunza paka wako kwa furaha, na bure, anaweza kukwama kabisa kwa mbwa? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Mombasa, Tanga na Unguja, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hiyo haimaanishi kwamba atamtesa mbwa. Inamaanisha unamtwisha kazi ambayo hakuiomba, kabla ya kila sala. Paka hana tatizo hilo. Mwenye mbwa na paka Tanga aandike mistari miwili: paka, kwa mama wa jirani, mbwa, kwa mtu wa kulipwa. Na asimlazimishe jirani kukataa kwa mdomo.

Wakati tuko Pwani: bei ya sikukuu ya Idi uipatane kwa siku mbili, si moja. Mwezi ukiandama usiku, Idi ni kesho. Usipoandama, ni keshokutwa. Mwenye kupanga malipo ya nyongeza kwa tarehe ya kalenda ya ukutani atajikuta anabishana na mtunzaji kuhusu mwezi.

Haraka haraka: pilau la sikukuu lisiende kwa mbwa. Vitunguu ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Mwambie mtunzaji waziwazi, maana atadhani anamkarimu.

Mbwa wa pili hulipiwaje? Chakula ni mara mbili, nauli ni ileile. Mtunzaji asiyetaka kuona tofauti hiyo, mbadili.

Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, hivyo panga kumlipia mtunzaji kwa safari nyingi sana. Anaweza pia kufa kwa dakika chache akivuta moshi wa kikaango kisichogandisha kilichoachwa jikoni kikaungua. Mtunzaji anayelala kwako na kujipikia aonyeshwe sufuria za kutumia.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, kazi hii ni ya programu za simu. Rover, iliyoanza Seattle mwaka 2011, humkata mtunzaji 20% ya anachotoza, na mwenye mbwa naye huongezewa ada ya kampuni juu ya bei. Kwa hiyo dola 40 ulizoziona kwenye tangazo si dola 40 utakazolipa, wala si dola 40 atakazopata yeye; yeye anaondoka na 32. Novemba 2023 ikatangazwa kwamba kampuni ya uwekezaji ya Blackstone inainunua Rover kwa takribani dola bilioni 2.3. Kumbe kuna fedha kwenye kinyesi cha mbwa.

England ina jambo zuri la kumsaidia mpanga bajeti. Tangu Oktoba 2018, anayelaza mbwa wa watu nyumbani kwake kama biashara anahitaji leseni ya halmashauri, na leseni hiyo huja na nyota, 1 hadi 5. Unaweza kulinganisha bei na nyota. Anayekuja kwako kumlisha paka na kuondoka hahitaji leseni hiyo, hivyo kwake utategemea kuuliza waliomtumia. Mtu akikupa bei ya kutupa ya kumlaza mbwa kwake London, ombi la kwanza liwe namba ya leseni.

Na ile ya bure, ya kubadilishana: ulale nyumba ya mtu, umtunzie paka, pesa isipite mkononi? Ukiwa na viza ya matembezi, angalia sana. Mwaka 2022 mwanamke wa Australia aliyekuwa anapita Los Angeles kwenda Kanada kutunza paka kwa malipo ya kulala bure alizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao; maofisa wa uhamiaji walihesabu malazi kuwa ujira. Binamu yako wa Nairobi anayekuja kukutembelea Minnesota "na kukuangalizia mbwa kidogo" asijieleze hivyo kwenye dirisha la uhamiaji, na kusema kweli asije kwa kazi hiyo.

Huku kwetu ya bure ni mlinzi wa geti. "Bosi, nenda tu, nitamwangalia." Ana nia njema, ila anafanya kazi kwa zamu, kampuni yake inaweza kumhamisha kituo Jumatano bila kukuuliza, na wa zamu ya pili hakuahidi chochote. Mlipe yeye na mwenzake, kila mmoja kwa jina lake, au usimhesabu kabisa.

Mwisho kabisa kwenye orodha weka zawadi ya safari. Jirani aliyekataa pesa hatakataa mkungu wa ndizi kutoka Moshi, na anaona unaposhuka nao au unaposhuka mikono mitupu. Uandike. Na ukiuandika, andika na nauli yake, kwa sababu kondakta wa Desemba hapakii ndizi bure.