Je, Wajua? Meno ya Flaiwili Hulika Mahali Palepale

Injini ya trekta ikizimwa, haisimami popote tu. Chukua Massey Ferguson 135 lenye injini ya dizeli ya Perkins, silinda 3. Nguvu zikiisha, injini hushindwa kubana hewa tena na kusimama karibu na moja ya sehemu 3 zilezile. Hivyo starta huyagonga meno yaleyale ya flaiwili kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi.

Lakini starta ikisaga bila kuzungusha injini, usikimbilie kununua ringi mpya ya meno ya flaiwili. Toa waya wa betri, fungua starta, safisha kabisa uso inapokaa. Rangi au tope lililoganda hapo huipindisha, pinioni (gia ndogo ya starta) ikaingia mshazari. Kagua pia boliti zilizolegea na bushi iliyolika.

Meno yakiwa yameliwa kweli, ringi hupashwa moto, ikatanuka na kuvuliwa. Kama sehemu nyingine ni nzima, hurudishwa ikiwa imezungushwa nyuzi 60. Fundi akiizungusha nyuzi 120, meno mabovu yamerudi palepale! Na moto usizidi: ringi ikiwa nyekundu, chuma hulainika na meno hayatadumu.