Kitambi si Cheo

Yako mambo ambayo wanaume wa nchi hii hawapendi kuyazungumza, na mojawapo ni uzito wa miili yao. Mwanamke akisema anapunguza chakula ili apungue mwili, shoga zake humsikiliza na kumshauri. Mwanamume akisema hivyo barazani huchekwa, kisha huulizwa kama anaumwa au kama mfuko umetoboka. Leo twataka kulisema jambo hili waziwazi, maana mzaha huu unatuulia watu.

Heshima ya kitambi haikuzuka bure. Wazee wetu waliijua njaa. Mwaka 1974, baada ya ukame, Taifa lililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Kwa watu waliopita huko, mwili mnene ulikuwa ushuhuda kwamba nyumbani kuna akiba. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera, na kwa jirani zetu wa Uganda ugonjwa huo ukaitwa Slim, yaani wembamba. Tangu hapo mtu aliyekonda alinyoshewa kidole, na wako waliokula kwa bidii ili wasizushiwe maneno. Leo dawa za kufubaza virusi zimewarudishia wengi afya na unene wao, wala mtu hatambuliwi tena kwa macho. Lakini hofu ile bado inatutawala mezani.

Na tuukumbuke ukweli mwingine. Katika enzi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji alipochorwa magazetini alichorwa na tumbo kubwa, na kila msomaji akaelewa. Mwalimu Nyerere, aliyetuongoza katika Azimio lile, alikuwa mtu mwembamba, wala hakuna aliyemwona amepungukiwa heshima. Imekuwaje basi alama ile ile tuliyoicheka kwa mnyonyaji, sasa tuitamani sisi wenyewe na kuiita maendeleo?

Wako wasemao kwamba kujinyima chakula ni mambo ya kike. Hao hawaijui historia. Mtu aliyevuma kuliko wote katika karne ya 19 kwa jambo hili alikuwa mwanamume wa London, William Banting, msimamizi wa mazishi. Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 65, alikuwa na uzito wa kilo 92 hivi kwa kimo cha sentimita 165. Hakuweza kuinama afunge kamba za viatu, na ngazi aliziteremka kinyumenyume. Daktari wake alimkataza mkate, sukari, bia na viazi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alipungua kilo zipatazo 21, na mwaka 1863 akatoa kijitabu kuwaeleza wenzake. Hata leo Waswidi wanapotaka kusema kupunguza mwili hutumia neno lililotokana na jina lake. Hakuona haya kuusema unene wake hadharani. Kwa nini sisi tuone haya?

Madhara yenyewe si ya kubahatisha. Mafuta ya tumboni hayakai chini ya ngozi tu. Huzunguka matumbo, na huingia katika ini na kongosho, na kuufanya mwili ushindwe kuitawala sukari. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwanamume ambaye kiuno chake kimezidi sentimita 94 yumo katika hatari iliyoongezeka, na akizidi 102 hatari ni kubwa zaidi. Utepe wa fundi cherehani watosha kumwambia mtu ukweli huo. Lakini iko habari njema. Katika utafiti uliofanywa Scotland na Tyneside, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipunguza chakula chini ya uangalizi wa waganga. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, zaidi ya 8 katika 10 walikuwa, baada ya mwaka mmoja, na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha ugonjwa pasipo dawa.

Basi tufanye nini? Hatuwaambii wananchi wajitese, wala hatuwashauri kununua dawa za kukondesha zinazotembezwa mitaani. Twasema tuanze na yale tunayokula bila kuyahesabu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina sukari ya vijiko vya chai karibu 9. Nyama choma na bia za usiku, na chipsi mayai baada ya kazi, havionekani kuwa chakula kwa mwanamume ambaye bado anategemea kukuta mlima wa ugali nyumbani. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mlima huo upunguzwe nusu, mboga iongezwe, na safari fupi ziendwe kwa miguu. Aliye na kisukari au shinikizo la damu aanze kwa kumwona mganga.

Wala asiseme mtu kwamba hana uwezo wa kujizuia. Mwislamu hufunga mwezi mzima wa Ramadhani, naye Mkristo hujinyima katika Kwaresima. Nguvu tunazo, tatizo ni kwamba futari na Pasaka hufika, nasi tukalipiza kisasi.

Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Maadui wa wakati huo walikuwa malaria, kuhara na upungufu wa chakula, na hawajatuacha. Lakini sasa adui mwingine ameketi nasi mezani. Viongozi wa matawi, ambao mikutano yao haikosi soda na sambusa, na watangulie kuonyesha njia.

Baba anayeanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 45 huacha shamba, karo za watoto na mjane. Siku hiyo hakuna atakayekisifu kitambi chake. Mwanamume anayejali nyumba yake na aukaze mkanda mapema, kwa hiari yake.