Shahada ya Umeme si Kufunga Taa

Hapa Tunduma mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anataka kusomea umeme chuo kikuu kwa miaka 4, huuliza: miaka yote hiyo kwa kufunga taa na soketi? Si swali la kuchekwa. Fundi aliyepitia VETA huifanya kazi hiyo vizuri, na pengine humshinda mwenye shahada. Lakini hizo ni kazi mbili.

Chukueni mradi wa njia ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 620, ambao shabaha yake ni kuunganisha gridi yetu na ya Zambia. Kwa nini kilovoti 400, hali nyumbani twatumia voti 230 tu? Waya unaopitisha mkondo hupata joto, na joto hilo ni umeme uliopotea njiani. Voti zikiongezwa mara mbili, nguvu ile ile husafiri kwa nusu ya mkondo, na upotevu hushuka hadi robo. Ndiyo maana umeme hupandishwa voti mtamboni, kisha hushushwa kwenye vituo vya kupoozea.

Sasa nani huamua ukubwa wa transfoma? Nani hupanga swichi ikate kwa sehemu gani ya sekunde radi ikipiga? Gridi mbili haziunganishwi kama mabomba ya maji. Sharti mawimbi yake, mizunguko 50 kwa sekunde, yaende sambamba. Hapo ndipo mhandisi anapohitajika, na hesabu yake ikikosewa haiungui soketi moja, bali mikoa kadhaa huweza kuingia gizani.

Kwa hiyo shahada hii ni hisabati kwanza, koleo baadaye. Kijana aliyeitupa fizikia kabla ya mtihani wa kidato cha 4 hupata taabu sana kurudi. Njia iliyozoeleka ni mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi hufundishwa tangu 1973, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, jirani zetu, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986.

Na akihitimu bado. Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka afanye kazi chini ya wenye uzoefu, kwa kawaida miaka 3, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu. Hesabuni tangu kidato cha 4: miaka 2, tena 4, tena 3. Ni 9. Hapa mpakani, ambako kijana aweza kushusha mzigo wa lori asubuhi na jioni akawa na fedha mfukoni, hiyo ni miaka mingi, na karo ndiyo kwanza inadaiwa.

Asiyeweza kungoja hivyo anayo stashahada, miaka 3 baada ya kidato cha 4. Huanza kazi kama fundi sanifu, na akiwa na alama za kutosha huomba shahada baadaye.