Kuagiza Darizi ya Mkono India: Mafunzo Kutoka Durban

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na familia zilizo ughaibuni, moja hurudi kila mwaka: vipi kofia ya babu, joho la harusi au suruali ya marinda ya bibi itaweza kushonwa upya kama ilivyokuwa? Nguo yenyewe imechakaa, fundi aliyeishona hajulikani, na vijana wanataka kuivaa, si kuitazama sandukuni tu. Wengi huelekezwa India, ambako kazi ya darizi ya mkono bado ni riziki ya watu wengi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuagiza kazi hiyo. Tumeyajenga juu ya mfano wa Durban, Afrika ya Kusini, kwa sababu mbili. Kwanza, ni bandari ambayo watu waitwao Wazanzibari wamekuwa majirani wa Wahindi kwa miaka 150 na zaidi. Pili, ni bandari ambayo biashara yake ya moja kwa moja na India ilikatwa kwa karibu nusu karne. Anayetaka kujua kinachopotea pale mvaaji anapotenganishwa na fundi wake, atazame huko.

Jamaa mbili, bandari moja

Tarehe 16 Novemba 1860 meli ya Truro ilitia nanga Durban ikiwa na Wahindi kutoka Madras, waliokuja kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Natal. Mpaka mpango huo ulipofungwa mwaka 1911, walikuwa wamekwishaletwa watu zaidi ya 150,000. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara waliojilipia nauli, wengi wao Waislamu wa Gujarat. Aboobaker Amod Jhaveri, mtu wa Porbandar, alikuwa wa mwanzo kufungua duka mjini Durban, katika miaka ya 1870. Taratibu mtaa wa Grey, na Msikiti wa Juma uliojengwa hapo, ukawa kitovu cha maduka ya nguo, vitambaa na washoni.

Agosti 1873 ikafika manowari ya Kiingereza iitwayo Briton. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya mia moja waliookolewa kutoka majahazi ya biashara ya utumwa, miezi miwili tu baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Mpaka mwaka 1880 waliletwa kama 500 kwa jumla. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Jina la Uzanzibari waliambatana nalo kwa kuwa walipitishwa Unguja kabla ya kupelekwa kusini. Jamaa hii ilikaa King's Rest, katika eneo la Bluff, kwenye ardhi iliyoshikwa na wakfu wa Waislamu wa Kihindi. Mwaka 1961 serikali ya ubaguzi wa rangi iliwaandika kuwa "Waasia Wengineo", kisha ikawahamishia Chatsworth, kitongoji kilichotengwa kwa Wahindi.

Tunayataja haya kwa sababu yanahusu moja kwa moja nguo tuliyoishika mkononi. Watu hawa hawakuteremka bandarini na masanduku ya mavazi. Kwa hivyo kofia ya darizi inayokutwa leo katika nyumba ya Chatsworth, hata ikiwa kongwe, peke yake si shahidi wa safari ya 1873. Huenda ilishonwa Durban, huenda ilinunuliwa mtaa wa Grey, huenda ililetwa na haji aliyerudi Makka. Thamani yake kwa familia haipungui hata kidogo. Ila mwanahistoria hana budi kuisoma kabla ya kuitolea hukumu.

Uzi uliokatika 1946

Kabla ya hapo njia ilikuwa wazi. Meli za kampuni ya British India zilitoka Bombay, zikapita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, zikafika mpaka Durban. Bohora au Mkachchi mwenye duka Unguja na Mmemoni mwenye duka Durban waliweza kuagiza vitambaa na nyuzi kutoka bandari zile zile za India.

Mwaka 1946 India ilipiga marufuku biashara na Afrika ya Kusini kwa sababu ya sheria zilizowakandamiza Wahindi wa huko, ikawa nchi ya mwanzo duniani kuchukua hatua hiyo. Uhusiano kamili wa nchi mbili hizo ulirudi mwaka 1993. Hiyo ni miaka 47. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini ulikuwa na gharama ndogo ndogo ambazo hazikuandikwa popote. Zanzibar na Mombasa zikiendelea kupokea nyuzi za Surat, Durban ilibaki kupata bidhaa za India kwa njia za kuzunguka. Na biashara iliporudi, wengi wa waliokuwa watu wazima mwaka 1946, wanaojua kumwambia fundi "nataka hivi, si vile", walikuwa wamekwisha kufariki.

Familia nyingi zilizotawanyika baada ya 1964 zitajiona katika habari hii. Uhamisho wao ulikuwa wa namna nyingine, lakini matokeo ni yale yale: nguo imebaki, maelezo yake yameondoka na wenyewe.

Kazi gani, mji gani

Neno letu darizi lina jamaa zake ng'ambo ya bahari. Kwa Kiarabu darz ni mshono. Kwa Kiajemi na Kihindi darzi ni fundi cherehani. Lakini darizi ya India si kazi moja, na kosa la kwanza la wanaoagiza ni kumpelekea fundi wa kazi hii nguo ya kazi ile.

Kazi ya zardozi hushonwa kwa nyuzi za madini, vikoili na vipande vidogo vya kung'aa. Kitambaa huwambwa juu ya kiunzi cha mbao, na mafundi hukaa chini kuuzunguka, pengine wanne au watano kwa kazi moja. Lucknow, Bareilly, Agra na Hyderabad ni miji yake mashuhuri. Hawa ndio wa kupelekewa joho la harusi au kizibao chenye nakshi nzito kifuani.

Kazi ya chikan ni ya Lucknow. Asili yake ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe chepesi. Nakshi hupigwa muhuri kwa rangi inayotoka ikifuliwa, na baada ya kushonwa nguo hufuliwa ndipo sura yake ya kweli ionekane. Inafaa ukosi wa kanzu, kifua chake, au mtandio.

Kazi ya ari ya Kachchh hushonwa kwa kulabu ndogo inayotoa mshono wa mnyororo. Mabingwa wake walikuwa jamaa ya Mochi, washona viatu, waliogeuza msumari wa kutobolea ngozi ukawa chombo cha hariri. Kachchh ndiko walikotoka wengi wa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, na bandari yake ya Mandvi ilikuwa ikijulikana vyema na manahodha wetu.

Surat ndipo panapotengenezwa zari, uzi wenyewe wa dhahabu. Hapa anayeagiza anapaswa kuuliza swali moja kwa uwazi: zari ya aina gani? Ya asili ni waya mwembamba wa fedha uliozungushwa juu ya uzi wa hariri, kisha ukapakwa dhahabu. Ya pili ni shaba iliyopakwa fedha. Ya tatu ni plastiki inayong'aa. Zote tatu huitwa zari sokoni. Ya kwanza ni nzito mkononi na rangi yake hutulia kwa miaka. Ya pili huanza kuwa nyeusi mapema. Ya tatu haipati kutu, lakini haina uzito na haikunji kama nguo ya zamani.

Kofia na kosa letu

Tulijifunza kwa hasara. Miaka michache iliyopita tulituma picha mbili za kofia ya zamani ya mwambao kwa karakana moja nchini India, tukalipa arubuni, tukasubiri. Iliyorudi ilikuwa nzuri kwa macho, lakini haikuwa kofia yetu. Ilikuwa fupi, laini na ya duara, kofia ya kuswalia ya huko kwao. Nakshi tu ndiyo iliyofanana na picha.

Karakana haikukosea. Kofia ya mwambao, dada wa kuma ya Oman, hujengwa kwa vipande viwili: duara bapa la juu na ukuta wa pembeni. Kila kipande kina tabaka mbili za kitambaa. Katikati hupitishwa nyuzi zinazoipa kofia ukakamavu, kisha vitundu vidogo vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja. Vitundu hivyo ni pambo, na pia hupitisha hewa kichwani. Kazi nzuri ya mkono huchukua wiki nyingi, na mara nyingi miezi. Hakuna hata moja ya haya linaloonekana katika picha iliyopigwa kutoka mbele. Tulimpa fundi uso wa kofia tukamnyima mifupa yake.

Jinsi ya kuagiza

Kutokana na kosa hilo, huu ndio utaratibu tunaoufuata sasa.

Andika kabla ya kutuma. Kaa na mkubwa wa familia, nguo ikiwa mikononi mwake, umuulize: iliitwaje nyumbani? Ilivaliwa siku gani? Nani aliivaa, na baada yake nani? Majibu hayo yatakuwa na thamani hata kama nguo haitashonwa kamwe.

Pima kwa sentimita. Kwa kofia: mzunguko wa kichwa, urefu wa ukuta, upana wa duara la juu, na idadi ya safu za vitundu. Kwa joho: upana wa ukanda wa darizi mahali pasipungue patatu.

Piga picha ya nyuma. Ndani ya nguo ndiko siri iliko. Darizi ya mkono huonesha nyuma mafundo, miruko ya uzi na mishono isiyolingana sawasawa; ya mashine mara nyingi huonesha uzi wa chini ulionyooka, wa rangi moja, bila kupumzika. Kwa picha hiyo fundi atajua mshono, na mwanahistoria atapata dalili ya umri wa nguo.

Chora nakshi kwa ukubwa wake halisi. Mafundi huhamisha mchoro kwa karatasi iliyotobolewa kwa sindano mstari kwa mstari, kisha husugua juu yake unga wa chaki uliochanganywa na mafuta ya taa mpaka nukta zikapita kwenye kitambaa. Ukituma mchoro wa kalamu kwa kipimo kamili, unampa fundi kitu anachokifahamu, na baada ya kazi karatasi ile iliyotobolewa ni yako. Iombe. Itunze pamoja na nguo.

Agiza kipande cha mfano kwanza, cha ukubwa wa kiganja, kwa kitambaa na uzi ule ule. Kilipie bei yake. Kikikupendeza, ndipo uagize nguo nzima.

Uliza nani anashona. Baina ya mteja na sindano huwa kuna wakala, na pengine wakala wa wakala. Mwanamke wa kijiji cha jirani na Lucknow anayeshona chikan nyumbani hulipwa kwa kipande, na sehemu kubwa ya fedha huishia njiani. Bei ya chini mno kwa kazi ya miezi mitatu ina maana moja tu: kuna mtu hakulipwa. Pendelea karakana au ushirika ulio tayari kukwambia mshonaji ni nani na anapata nini.

Usiagize kwa pupa. Kuanzia Novemba mpaka Februari ni msimu wa harusi kaskazini mwa India, na viunzi vyote vimejaa. Wazee walingoja kaskazi. Nasi tunaweza kungoja miezi sita.

Jina ndani ya bitana

Limebaki jambo moja, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Nakala nzuri, baada ya miaka 50, itadhaniwa kuwa ya asili. Mjukuu ataikuta sandukuni na kusema, "Hii alikuja nayo babu." Hatakuwa amesema uongo, atakuwa amedanganywa na ukimya wetu. Durban inatuonesha jinsi ilivyo rahisi kofia kubebeshwa historia isiyokuwa yake, na jinsi ilivyo vigumu kuirekebisha pale wenye kujua wanapokuwa hawapo.

Kwa hivyo tunazinasihi familia zote: kila nguo mpya ishonwe ndani ya bitana kwa uzi wa kawaida mwaka, mji, na jina la aliyeishona, ikiwa mwenyewe ameridhia. Maneno matatu au manne yanatosha, na hayaonekani nguo ikivaliwa.

Tunasisitiza jina la mshonaji kwa makusudi. Katika picha za karne ya 19 tunawajua masultani, mawaziri na matajiri kwa majina yao, na vyeo vyao, na siku waliyopigwa picha. Mikono iliyoshona dhahabu mabegani mwao hatuijui hata mmoja. Deni hilo hatuwezi kulilipa tena. La leo tunaweza.